Kabla ya transfoma ya tatu, hesabuni nyumba kwa fezi

Mhariri,

Nyuma ya duka langu hapa Langoni, Lamu, kuna rundo la kompresa zilizoungua. Sizitupi mara moja. Nikiing'oa moja kwenye friji ya mtu huiandika ubavuni kwa rangi, mtaa na mwezi, kisha naiacha hapo mpaka mnunuzi wa vyuma chakavu aje na punda wake. Ni mazoea tu, kama mwenye duka la dawa ajuavyo ni mtaa upi una mafua. Mwaka juzi nilizipanga nikazihesabu. Zilikuwa 17. Kati ya hizo, 11 zilitoka kichochoro kimoja, na katika hizo 11, tisa zilitoka nusu ya mwisho ya kichochoro hicho, kule waya wa stima unakoishia. Hapo ndipo nilipoacha kulaumu friji za mtumba.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na naomba radhi mapema kwa urefu. Mimi ni fundi wa friji, mwaka wa 31 huu. Sikusomea uhandisi. Na niseme kabisa, ili mtu asije akanisema baadaye: stima mbovu imenilisha. Kila kompresa katika lile rundo nimelipwa kwayo. Ila mwisho wa kichochoro hicho ndiko kwangu pia, na mke wangu huuza barafu ya mifuko kwa wavuvi, kwa hiyo nakula kwa mkono mmoja na kunyang'anywa kwa mwingine.

Kwa wasiojua kazi hii, nieleze kinachotokea. Kibandiko nyuma ya friji huandikwa volti 220 hadi 240. Kwangu, baada ya Maghrib, mita yangu ya kupimia volti husoma 198. Taa inawaka, feni inazunguka polepole, mtu anasema stima ipo. Lakini kompresa inapotaka kuanza huhitaji msukumo, na msukumo huo haushuki sawa na volti, hushuka kwa mraba wake. Ukiwa na 198 mahali pa 240, msukumo unabaki kama theluthi mbili. Mota inang'ang'ana, haizunguki, mkondo unapanda, koili inapata moto, kinga ya joto inakata: tik. Ikipoa inajaribu tena: mmm, tik. Mwenye nyumba amelala ndani anadhani ni mjusi. Mchezo huo ukiendelea Ramadhani nzima, wakati kila jiko, kila blenda ya sharubati na kila feni vimewashwa kwa pamoja, mwezi wa Shawwal mimi nina wateja.

Wenye uwezo walinunua stebilaiza. Hapo nami nilikosea, maana niliwashauri wengi wanunue. Stebilaiza haitengenezi stima. Ili ikupe 230 kutoka kwenye 198 lazima ivute mkondo mkubwa zaidi kwenye waya ule ule, na nyumba ya jirani asiye na stebilaiza inazidi kuzama. Tulikuwa tukinyang'anyana bila kujuana.

Malalamiko yakapelekwa kwa wahusika wa stima. Wakaja, wakapima kwenye transfoma, wakaleta transfoma kubwa zaidi. Ilivushwa kwa boti kutoka Mokowe, ikaburutwa na vijana kuanzia pwani, watoto wakiifuata kama maulidi. Usiku ule nikachomeka mita yangu: 199. Nikadhani mita imekufa.

Tukalalamika tena. Ikaja ya pili, kubwa kuliko ile, na safari hii wakapandisha tapi. Tapi ni swichi ndogo kwenye transfoma ambayo ukiizungusha inaongeza au kupunguza volti zinazotoka, hatua kwa hatua. Kwangu zikapanda hadi 204, nikamshukuru Mungu. Lakini alfajiri, feni zimezimwa na kichochoro kimelala, nyumba zilizo karibu na transfoma zilisoma 256. Wiki ile sikupata kompresa hata moja. Aliyepata kazi ni mwenzangu wa mlango wa tatu anayetengeneza televisheni na chaja za simu. Wale wa karibu wakalalamika, tapi ikarudishwa ilipokuwa, na mimi nikarudi kwenye 198. Sasa tunaambiwa kuna mpango wa transfoma ya tatu. Ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Ukiuliza barazani watakwambia Lamu haina stima ya kutosha. Zamani ilikuwa kweli. Tulikula stima ya jenereta za dizeli na tuliijua kwa sauti yake, ikikohoa tunatafuta mishumaa. Lakini siku hizi laini kubwa ya kilovoti 220 inatoka Rabai, inapita Malindi na Garsen, inafika kwetu. Kule Langobaya, Malindi, kuna shamba la sola la megawati 40. Kuna waliotaka kutujengea mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, na mwaka 2019 mahakama ya mazingira ikaifuta leseni yake. Tuliopinga na waliounga mkono tulitoleana maneno makali, lakini hata mtambo ule ungejengwa, kichochoro changu kingebaki na volti zile zile 198. Wala si tumbili. Nasema tumbili kwa sababu Juni 2016 mmoja aliangukia transfoma ya kituo cha Gitaru akazima nchi nzima, na tangu siku hiyo kila taa ikififia mtu anamtaja. (Yeye mwenyewe alitoka mzima.) Hayo ni mambo ya njia kuu. Ugonjwa wetu uko kati ya transfoma na mlango wa mwisho, nusu kilomita tu.

Aliyenifungua macho ni binti ya ndugu yangu, anayesomea umeme katika chuo kimoja cha ufundi Mombasa. Alikuja likizo, akaniamkia, akakaa akanisikiliza nikizilaani transfoma zote mbili, kisha akauliza swali moja: "Ami, nani yuko fezi gani?"

Fezi ni zile nyaya tatu zinazoleta stima kutoka kwenye transfoma, na nyumba ya kawaida huungwa kwenye mmojawapo. Sikuwa na jibu. Nikamwambia wajuao ni wenye stima. Akasema, "Waulize." Nikauliza. Hakuna aliyejua.

Ana laptopu kuukuu ambayo kitufe cha herufi A kimeng'oka, na ndani yake kuna programu ya kupiga hesabu za waya wa stima, iitwayo OpenDSS. Ilianza kuandikwa Marekani mwaka 1997, na tangu 2008 taasisi ya utafiti wa umeme ya huko, EPRI, iliifungulia dunia: yeyote anaichukua bure, hata ndani ya programu yenyewe anaruhusiwa kuchungulia. Ziko na nyingine za bure. Pandapower imetoka Ujerumani, kwa watu wa Kassel, na GridLAB-D ni ya maabara ya serikali ya Marekani. Ziko za kulipia pia, PowerFactory, CYME, ETAP, ambazo makampuni makubwa ya stima duniani hununua. Mimi sikuelewa kwa nini mtu agawe bure kitu cha namna hii, lakini si kazi yangu kuuliza.

Nilitegemea picha za rangi. Hakuna. Ni maandishi matupu, kama daftari la duka. Mstari mmoja unasema waya huu unatoka nguzo hii hadi ukuta ule, urefu wake mita kadhaa, unene wake huu, una fezi hizi. Mstari mwingine unasema nyumba hii imeungwa hapa, kwenye fezi hii, saa moja usiku inakula kilowati kadhaa. Ukimaliza kichochoro kizima unaiamuru itatue, na kabla hujameza mate imekupa volti za kila mlango. Yeye alijifunzia kwenye mtandao wa mfano uliotayarishwa kwa ajili ya wanafunzi na watafiti, wa kule Ulaya, wenye nyumba 55 na hertzi 50 na volti 416, yaani karibu kabisa na 415 zetu, na matumizi ya kila nyumba yameandikwa dakika kwa dakika kwa siku nzima. Nyumba 55! Kichochoro chetu kina nyumba 38 zenye mita za stima, na gesti moja.

Kabla hajanionyesha kompyuta alinieleza kwa chaki, sakafuni pale barazani, na naona ni haki wasomaji wapate alichonipa, maana ni chepesi kuliko kinavyotishwa. Akachora nyumba saba. "Chukulia kila nyumba ina volti 240," akasema. "Tunajua si kweli, lakini tuanzie hapo." Nyumba ya mwisho inataka ampea ngapi? Andika. Rudi nyumba ya kabla yake, ongeza zake. Unaendelea hivyo ukirudi nyuma, kama anayekusanya mchango wa harusi akianzia mlango wa mwisho: kila mlango anaopita mfuko unazidi uzito, na akifika kwa mwenye harusi anajua kila hatua ya njia alibeba kiasi gani. Mwenye harusi ni transfoma. Sasa geuka, shuka tena kuelekea mwisho. Kila kipande cha waya kina ukinzani wake. Zidisha na ampea zinazopita hapo, unapata volti zilizopotea katika kipande hicho. Toa. Ukifika mwisho, nyumba ya saba haina tena 240. Basi ampea ulizoandika mwanzo hazikuwa sawa, maana uliziandika kwa volti za uongo. Rudi, kusanya upya. Shuka tena. Mzunguko wa tatu au wa nne namba zinakataa kusogea, na hilo ndilo jibu. Programu yenyewe ina hesabu zake nyingine za kufikia huko, lakini inafika pale pale.

Tukapima kichochoro. Mita 250 za kwanza ni waya wa milimita za mraba 50, kisha, sijui kwa amri ya nani, unapungua kuwa wa 35 kwa mita 250 zilizobaki, na huko kwembamba ndiko kwenye nyumba nyingi. Matumizi tuliyakisia kwa tokeni ambazo watu hununua kwa mwezi na kwa kupitapita jioni na klampu yangu ya kupimia ampea kwenye nyumba zilizokubali. Binti akaandika yote, akaigawa milango sawa kwa sawa kwenye fezi tatu kwa sababu hatukujua vinginevyo, akaiamuru itatue.

Ikasema 222 mwishoni mwa kichochoro. Kwa mujibu wa kompyuta, mke wangu alikuwa hana haki ya kulalamika.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alisema hapa ndipo watu wanapodanganyika: programu ikilishwa wastani hutoa wastani, na wastani hauunguzi kompresa ya mtu. Nimekuja kuamini kwamba kama kuna mahali pengine, kwenye ofisi yenye kiyoyozi, mtu aliwahi kukipiga hesabu kichochoro chetu, alipata 222 hiyo hiyo, akafunga faili.

Hebu tazama waya wenyewe. Zamani zilikuwa nne zilizo wazi juu ya nguzo, mtu angeziona. Katika vichochoro vyetu, ambako punda wawili hawapishani, wameweka ule uliosokotwa, nyaya nne nyeusi zimesukwa kama nywele, umebanwa kwenye kuta za mawe. Tatu ni fezi, mmoja ni nyutro, yaani njia ya mkondo kurudi kwenye transfoma. Fundi anayekuja kuunga nyumba mpya saa saba mchana, jua la kaskazi kichwani na ngazi inateleza, hachagui. Anashika ulio karibu na mkono wake, ili mradi si nyutro. Aliyekuja baada yake akashika huo huo, kwa sababu hapo palikwisha kuchunwa. Fanya hivyo miaka 20.

Kupanda kwenda kutazama hatukuruhusiwa, na sikutaka, stima si ya kuchezewa. Tukafanya hivi. Gesti iliyo mwisho wa kichochoro ina fezi zote tatu, nyekundu, manjano na buluu, kwenye boksi lake. Mwenyewe ni mtu muungwana, akaturuhusu. Tukanunua vijisoma-volti 12, vile vya kuchomeka kwenye soketi vinavyoonyesha namba, tukavigawa nyumba 12, kesho yake 12 nyingine, mpaka siku nne zikaisha. Kila jioni kati ya Asr na Maghrib binti aliandika kwenye grupu ya WhatsApp: "Someni." Wakasoma. Kisha mimi gestini nawasha hita ya kilowati 3 kwenye fezi nyekundu, dakika moja, anaandika tena: "Someni." Nazima, nahamia manjano. Halafu buluu.

Mhariri, ilikuwa wazi kama mchana. Nikiwasha nyekundu, nyumba za nyekundu zilizo jirani na gesti zilianguka volti 8, 9, na za mbali kidogo 4, 5. Na nyumba za fezi nyingine, hili sikulitarajia, zilipanda volti 2. Binti akasema ndivyo, kwa sababu mzigo wa fezi moja unarudi kwa nyutro, na nyutro nayo inavutwa kutoka mahali pake. Bibi mmoja, umri wake hawezi kupungua miaka 80, hakuwa na simu ya WhatsApp, akawa anapaza sauti dirishani: "Imeshuka mwanangu, imeshuka!" Nikizima anasema alhamdulillahi. Siku ya pili alikuwa ameshajua kazi kuliko mjukuu wake, na alikataa kukirudisha kile kidude. Anacho hadi leo.

Jumla yake: nyumba 21 kwenye nyekundu, 9 kwenye manjano, 8 kwenye buluu. Ingekuwa jahazi, watu 21 wamekaa ubavu mmoja, lisingefika Shela.

Binti akabadilisha maandishi yake, hakugusa kitu kingine, kila nyumba ikakaa kwenye fezi yake ya kweli. Ikatatua: 199. Nikachomeka mita yangu ukutani: 198. Sikusema neno. Nilikwenda nikamwita mke wangu aje aone.

Sasa ndipo raha ya kitu hiki inapoanza, maana unaweza kujaribu dawa bila kumeza. Tukaiongezea transfoma ukubwa mara mbili, kwenye kompyuta tu. Kwangu zikaongezeka volti 2. Ndiyo ile burudani ya boti kutoka Mokowe, mara mbili. Tukaufanya ule waya mwembamba uwe wa 50 wote: zikaongezeka 6, si haba, lakini ni mita 250 za waya mpya. Kisha tukarudisha kila kitu kama kilivyo, tukahamisha nyumba nane tu kutoka nyekundu, nne kwenda manjano, nne kwenda buluu. 222. Ile ile ya mwanzo. Haikuwa uongo kumbe, ilikuwa picha ya kichochoro ambacho kingekuwepo kama mtu angehesabu tangu zamani.

Na kuna jambo ambalo sikulitafuta likajitokeza lenyewe. Programu huonyesha pia stima inayopotea njiani kwa kupasha waya moto. Saa ile ya jioni, kwa mpangilio wetu wa sasa, ni karibu wati 2,500. Baada ya kusawazisha, karibu 1,600. Hizo wati 900 haziwashi taa ya mtu, zinapasha moto ukuta wa mawe. Nchi hii kwa miaka kadhaa mfululizo imekuwa ikipoteza zaidi ya asilimia 20 ya stima kabla haijafika kwenye mita za watu. Wizi umo, najua, na kila mkutano tunahubiriwa wizi. Sijasikia mkutano hata mmoja wa fezi.

Tuliandika karatasi mbili, mchoro mmoja, orodha ya mita kwa fezi, tukazipeleka ofisini. Afisa alitupokea vizuri, akatupa viti. Akasoma ukurasa wa kwanza, akasema mambo ya kompyuta hufanywa makao makuu, na kwamba maombi ya transfoma yalikwisha kwenda, bora tusiyachanganye. Tutalifanyia kazi, akasema. Sina ugomvi naye. Maombi ya transfoma yana fomu. Kuhamisha nyumba nane kutoka waya mmoja kwenda mwingine kazi yake ni ngazi na mafundi wawili siku moja, na nadhani kwa sababu ni rahisi hivyo, haina fomu.

Aliyenisikia ni fundi wao, kijana wa watu, alikuja jioni si kwa kazi bali friji ya mama yake ilikuwa kwangu. Nikamwonyesha orodha. Akaitazama muda mrefu. "Mzee, hata sisi tunajua red imelemewa," akasema. "Tukigusa kwa mkono tunasikia ina joto. Lakini hakuna anayetuuliza, na kwenye kadi ya kazi hakuna pa kuandika." Wiki tatu baadaye kiungo kimoja kiliungua karibu na msikiti, wakaitwa usiku, na walipokuwa wanaunga upya nyumba tatu zilizokuwa hapo, mbili zikaenda manjano na moja buluu. Sitasema ni nani aliyeamua hivyo. Binti, kwa simu kutoka Mombasa, alizihamisha zile tatu kwenye maandishi yake akaniambia, "Ami, kapime, itakuwa kama 206." Nikapima. 206. Tangu usiku ule barafu ya mke wangu inaganda kabla ya saa tisa, na wavuvi wanaoondoka na maji ya kupwa hawaondoki tena na mifuko ya maji.

Watakaosema Lamu ni mji mdogo, mambo haya hayawahusu, watazame Malindi. Mahoteli yanafunika mapaa kwa sola, na Sheria ya Nishati ya 2019 pamoja na kanuni za 2024 zimefungua mlango wa mtu kurudisha ziada yake kwenye waya na kuhesabiwa. Ni jambo jema. Lakini nyumba tatu za sola zikiwa kwenye fezi moja, mchana wa jua kali fezi hiyo itapanda kama ile yetu ya alfajiri, chaja zitaungua, na itatafutwa transfoma ya kulaumiwa. Programu hizi zinaweza kuipitisha siku nzima, saa kwa saa, jua likipanda na kushuka, hata kabla paneli ya kwanza haijafungwa. Zinachohitaji ni kujua nani ameungwa wapi.

Na hicho ndicho ninachokiomba, wala sikidai kwa jazba. Fundi anapopanda ngazi kuunga mita, aandike rangi ya fezi. Neno moja. Msomaji mita, mbadilisha mita, anayekuja kukata, kila mmoja akipita mlangoni aache rangi imeandikwa. Vijana wetu wanaosomea umeme wanatafuta mahali pa mafunzo ya kazi kila mwaka, wanazurura na barua zao kutoka ofisi hadi ofisi. Wapeni vichochoro, daftari na vijisoma-volti, chini ya fundi mwenye leseni, bila kupanda nguzo. Kompyuta wanazo. Programu ni bure. Kisha, kabla ya kuagiza transfoma ya tatu, mtu aketi nusu saa aijaribu kwanza kwenye maandishi.

Kwetu zimebaki nyumba tano. Orodha yake, yenye namba ya mita na fezi inayopaswa kuhamia, nimeibandika upande wa ndani wa mlango wa duka. Dukani nipo kila siku baada ya Asr, isipokuwa Ijumaa. Ngazi pia ninayo.

Fundi wa friji,
Langoni, Lamu